Fremu Kwanza, Kitambaa Baadaye

Kwa miaka hamsini na tatu Mzee Springi, fundi makochi, hakuwahi kuchana kitambaa kabla ya kugonga mbao. Mteja alie, mteja acheke, yeye hupiga magoti kwanza, akagonga fremu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ikiwa mbovu, kochi linarudi kwao. "Nikilichana litanifia mikononi," husema.

Basi daktari wa upasuaji alipomwonyesha picha ya saratani kwenye utumbo mpana, na bintiye akadakia, "Mpasueni hata kesho!", mzee wa miaka themanini na moja aliuliza:

"Daktari, fremu umeigonga?"

"Fremu gani, babu?"

Akajigonga kifuani.

Daktari, msichana wa rika la mjukuu wake, akacheka, akamtuma apande ngazi ghorofa mbili. Alirudi anahema kama mvukuto.

"Nikikupasua leo, huenda usiamke," daktari akasema. "Tukiuacha uvimbe, utumbo unaweza kuziba, na hayo si maumivu ya kusimuliwa. Tena wazee wengine huamka, lakini hawarudi walivyokuwa."

"Nitapiga magoti tena? Kochi halishonwi kwa kusimama."

"Nadhani utapiga. Kuapa siapi."

Mkewe, ambaye njia nzima hakutaka hata kusikia neno kisu, akaguna. "Huyu angalau hadanganyi."

Daktari akawapa mwezi mmoja wa kukaza fremu. Mayai, maharage, ngazi asubuhi, ngazi jioni. Sigara zikazikwa bila matanga. Mkewe nyuma yake: "Panda, baba watoto! Ukifia hapa mimi sikubebi!"

Siku ya kurudi alipanda zile ghorofa mbili akipiga mluzi. Bintiye akanyoosha mkono aichukue kalamu ya fomu ya kukubali upasuaji. Mzee akaupiga kikofi, akatia saini mwenyewe.

Baada ya kupasuliwa alikaa wodini siku kumi na mbili. Siku mbili za mwanzo akili ilimruka, akamwita mkewe "mteja."

"Na kochi langu liko wapi?" mkewe akamjibu, machozi yakimlengalenga.

Miezi minne baadaye, kwenye karakana yake, alishuka polepole mbele ya kochi la kwanza, misumari mdomoni. Magoti yakagusa sakafu. Akagonga, akasikiliza, akatabasamu: mbao nzima. Kisha akabaki palepale.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

Mzee akatema misumari kiganjani. "Nilimuuliza daktari habari za kupiga magoti. Za kuinuka nikasahau. Njoo uninyanyue, mama."