Mbegu Niliyoiosha

Mwaka huo nyanya yangu, ambaye tunamwita Kukhu, alitoka kijijini, Magharibi, akaja kwetu mjini, Kawangware, kutibiwa macho. Alibeba mbegu ya wimbi, imefungwa fundo kwenye kitambaa. Aliogopa kuiacha nyumbani, panya wasije wakaila.

Mama yake alipewa mbegu hiyo siku ya kuolewa, zamani wazee walipokuwa bado wanashangaa kodi ya nyumba iliyoletwa na Wazungu. Kila mwaka walipanda, wakavuna, wakatenga ya mwaka ujao. Siku hizi majirani wote wanapanda mahindi. Kukhu peke yake ndiye amebaki nayo.

Asubuhi moja mama alimpeleka hospitali. Mimi nilitaka kumfurahisha. Nikafungua kitambaa, nikakuta wimbi limejaa majivu. Nilidhani ni uchafu wa safari. Nikaliosha, nikabadilisha maji mara tatu, nikaliacha liloweke kwenye sufuria.

Jioni Kukhu alitia mkono ndani ya sufuria, akasugua mbegu kwa vidole.

"Mke mwenzangu, umefanya nini?" Ndivyo anavyonitania siku zote, lakini safari hii hakucheka.

"Nimetoa uchafu, Kukhu."

"Majivu ndiyo yanazuia wadudu. Na sasa imekunywa maji. Haiwekeki tena."

Nilitaka kusema samahani. Nikalia. Akapapasa mpaka akapata kichwa changu.

"Unalia na mbegu iko hai? Imelewa tu. Tafuta gunia."

Tulijaza udongo magunia mawili nje ya mlango. Mama akalalamika, "Lakini landlord atasema nini?"

"Aseme akishakunywa uji," Kukhu akajibu.

Alichanganya mbegu na mchanga mkavu ili isishikane, akanionyesha jinsi ya kuirusha kwa vidole vitatu. Alisema mama yake, akiwa msichana kama mimi, alirusha hivyo shamba zima, akitembea nyuma ya shangazi zake tangu alfajiri.

Kwa siku tano sikula vizuri. Siku ya sita niliona majani membamba kama nywele. Nilishika kidole cha Kukhu, nikakipitisha juu ya majani hayo polepole.

"Haya," alisema. Akarudia tena, "Haya."

Wiki hiyo daktari alimwambia anaweza kurudi nyumbani. Kukhu alikataa, akasema ana shamba hapa. Nilipotoka shule nilimkuta kwenye stuli kati ya magunia, fimbo mkononi, akimtukana kuku wa jirani.