Mgeni wa Chumba Namba Tisa na Ufagio Wake

Nimeona wageni wa kila aina, lakini sijawahi kuona mtu anakodi chumba kwenye hoteli ya michezo ili aje kufagia.

Bibi wa zaidi ya miaka sabini. Bwawa hataki, bembea hataki. Anatoka chumbani na ufagio wake wa chelewa, anafagia nyasi zetu.

Kaeni vizuri niwape mkanda mzima, na mwisho mnitukane mkitaka.

Ni hapa Kibaha, ukipita Picha ya Ndege kidogo, unakata kushoto kwenye vumbi. Jina la hoteli nalihifadhi, wenyewe wana mwanasheria. Mbele kuna gurudumu kubwa, treni ya watoto na bwawa. Nyuma kuna vyumba kumi na viwili vinavyotazama bustani.

Mimi naitwa Kondo, mzaliwa wa Janga, hukuhuku Kibaha. Nilikuwa mapokezi.

Bustani ya nyuma ilikuwa ya wanaolala tu. Ukija kucheza na kuondoka, unavalishwa bangili ya kijani na mlinzi hakuvushi. Ukilala, unavalishwa nyekundu, unapita popote.

Sasa pakazuka ubishi.

Meneja wetu Lusajo, kijana aliyesomea mambo ya hoteli na hakosi siku ya kukukumbusha, alitaka kujua wageni wanaolala wanafuata nini hasa. Michezo au hoteli? Akachapisha fomu, kila mgeni ajaze kabla ya kuondoka.

Firdausi wa usafi alisema hoteli.

"Kondo, vile vitanda natandika mimi. Watu wanakuja kulala. Watoto na treni ni kisingizio tu."

"Acha hizo," nikamwambia. "Nani atoke Dar aje Kibaha kulala? Kwao hakuna magodoro?"

Nilikuwa na sababu zangu. Tajiri, mwenye hoteli, alisema fomu zikionyesha michezo, bustani ya nyuma inachimbwa, panajengwa mteremko mkubwa wa maji. Na msimamizi wa mteremko, Lusajo aliniahidi, ni mimi. Redio ya mkononi, fulana yenye kola, watu wananiita bosi. Niliitaka ile kazi mpaka nikawa naiota.

Lakini niwaambie ukweli, moyoni niliwadharau wote, wa michezo na wa hoteli.

Mtu analipia chumba, kazi ya kwanza anapiga picha taulo lililokunjwa mfano wa bata. Hajaoga, hajanywa maji, bata kesharuka mtandaoni. Mwingine anapanda gurudumu, likifika juu anafumba macho na kuita mama yake, akishuka anaandika "maisha ni mafupi, furahia". Furahia nini na wewe ulikuwa unalia?

Kati ya wote hao, niliyemcheka zaidi ni Bi Mboni.

Alikuwa anakuja kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kutoka Masaki. Msichanganye. Ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na mkaa, siyo ile ya mabalozi. Anashushwa na bodaboda, kikapu mkononi, ufagio kwapani, khanga imebadilika rangi kwa vumbi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Namba tisa ipo?"

Siku zote namba tisa. Ikiwa na mtu, anakaa kwenye benchi getini mpaka iwe wazi.

Akifika mlango wa mapokezi, sasa, hapo ndipo nilikuwa naita wenzangu waje waone sinema. Anasimama. Anavua ndala. Anainua gauni, anaivuka ile ngazi ya jiwe bila kuigusa, na magoti yake yale.

"Bibi, ngazi haing'ati hiyo!"

"Najua, baba. Haijamng'ata mtu."

Akishaingia, ombi lake ni moja. Ndoo ya maji. Na lazima nimchotee mimi. Firdausi akimpelekea anashukuru, anaiweka pembeni, anasubiri yangu.

Kisha anafagia. Kisha anamwaga maji polepole kwenye nyasi chini ya dirisha, kutoka upande huu mpaka ule. Kisha anatoa mrehani kwenye kikapu, anautandaza pale, anakaa chini na kuzungumza na ardhi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp nilimbandika jina Bibi Fagio. Nikaandika kwamba ni mchawi, amekuja kupima kiwanja cha kurukia. Watu walicheka mpaka meneja akacheka.

Mimi, mtoto wa Janga, niliyekuwa natumwa kila Shaabani na ndoo ya maji kwenye kaburi la bibi yangu mzaa baba, nilikuwa naandika vile na kucheka.

Ikafika Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule wa fomu. Lusajo akaniita ofisini, fomu zimetapakaa mezani.

"Zimelingana," akasema. "Michezo sawa na hoteli. Imebaki ya namba tisa, na katapila linakuja Jumamosi au haliji. Kamjazie yule bibi, hajui lolote. Weka michezo."

Nilitoka pale natembea kama msimamizi kabisa.

Nikamkuta amemaliza kufagia. Nikachuchumaa mbele yake na kalamu.

"Bibi, kuna swali moja tu. Umekuja kwa ajili ya michezo au hoteli?"

"Michezo gani?"

"Bembea, treni, gurudumu lile."

"Mimi na treni ya watoto, baba?"

"Basi hoteli."

"Kitanda chenu sijakilalia hata siku moja. Natandika mkeka hapa dirishani. Muulize yule binti wa usafi."

Nikaanza kukereka. "Sasa bibi umefuata nini miaka miwili yote hii?"

"Andika, nimemfuata mume wangu."

Nilicheka mpaka kalamu ikadondoka. "Bibi kumbe una mambo! Mzee yupo chumba gani?"

Akanyoosha ufagio. Akaelekeza pale nilipochuchumaa.

"Yupo hapo. Sogea kidogo, umemkalia kifuani."

Niliruka bila kutaka.

"Anaitwa Kibwana," akasema, sauti ileile ya kuombea maji. "Hili lilikuwa shamba lake. Kichwa kule, miguu huku. Nilipotoka eda nikarudi kwetu Masaki. Ndugu zake wakauza, hawakuniambia. Siku nimekuja kuzuru, nikakuta watu wanafyeka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia msimamizi wa ujenzi, pale chini pana kaburi. Naye mtu mzuri, akauliza vibarua. Kijana mmoja akajibu kwa niaba ya wote."

Akaweka ufagio chini, akanitazama.

Wasomaji, kuna kitu sijawaambia.

Kabla ya mapokezi nilikuwa kibarua wa kufyeka lile shamba. Tulikuta mawe mawili meupe ya matumbawe, yamesimama, moja kichwani na moja miguuni. Kwetu udongo ni mchanga, jiwe la pwani halijileti lenyewe. Msimamizi akaniuliza mimi kama mwenyeji, hili si kaburi?

Nilijua. Mtoto yeyote wa Janga anajua. Hata jina nililisoma, limechongwa kwa herufi za Kiarabu, madrasa nilikwenda. Lakini likiwa kaburi kazi inasimama, na sisi tunarudi nyumbani kukaa.

"Mawe tu hayo, bosi," nikasema. "Watu walikuwa wanaanikia mihogo."

Niliyang'oa kwa mikono yangu. Moja fundi akaligeuza ngazi ya mapokezi, na mimi ndiye niliyemwambia alilaze upande wa maandishi chini. La pili likawekwa kushikilia bango la KARIBU DUNIA YA FURAHA. Tajiri akapenda mwenyeji asiye na maneno mengi, akanipa mapokezi.

Siku ile kulikuwa na bibi amesimama kando ya barabara. Sikumtazama mara mbili.

"Vipi, amesema michezo?" Lusajo alikuwa nyuma yangu.

Nikamwambia yote palepale. Sikuwa jasiri, nilikuwa naogopa. Nililiona katapila la Jumamosi linakinyanyua kile kifua nilichokuwa nimekikalia.

Lusajo akacheka. "Kondo, usilete uswahili hapa. Si wewe uliyesema hakuna kaburi? Ushahidi uko wapi?"

Nikaenda stoo nikachukua mtaimbo.

Mchana kweupe, familia zimejaa, mtoto analia anataka aiskrimu, mimi nabomoa ngazi ya mapokezi. Walewale wa kupiga picha mabata wakatoa simu. Mlinzi akanishika, nikamponyoka. Jiwe likatoka, nikaligeuza, nikafuta saruji kwa kiganja.

Kibwana. Herufi zote zipo.

Mama mmoja mwenye buibui, mgeni wa bwawani, akasoma kwa sauti. Kisha akasema, "Inna lillahi," na kumvuta mwanawe nyuma. Kabla ya alasiri video ilikuwa imefika msikitini na serikali ya mtaa, na watu wazima wakaja kusimama bustanini. Katapila halikuja Jumamosi wala siku nyingine.

Na mimi kibarua kikaota nyasi siku ileile.

Nilimfuata Bi Mboni kabla ya kuondoka. Alikuwa ameketi mlangoni pa namba tisa, jiwe limelazwa mapajani kwake, analisugua kwa ncha ya khanga.

"Bibi, aliyejibu siku ile ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilikujua siku ya kwanza uliponipokea kikapu."

Nikachuchumaa mbele yake. "Sasa kwa nini maji ulikuwa unaniomba mimi?"

"Nimuombe nani mwingine? Wewe ndiye uliyemng'olea mawe yake. Nikasema basi, huyuhuyu atamchotea maji. Miaka miwili umemhudumia, mjukuu wangu, tena unacheka. Kibwana naye alipenda kucheka, nadhani hakukuona vibaya."

Nililia mbele ya wageni, na sijui kama kuna aliyenipiga picha.

Leo mawe yamerudi mahali pake. Lusajo, mtu asiyekosa fursa, amezungushia uzio na kibao cha "Eneo la Kumbukumbu". Wageni wanajipiga picha pale wakiwa na nyuso za huzuni, halafu wanarudi kuogelea. Ubishi wa michezo na hoteli unaendelea, wamechapisha fomu mpya. Waendelee tu.

Mimi naendesha bodaboda, kijiwe changu Picha ya Ndege. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi naenda Masaki kumchukua bibi, na nauli yake sijawahi kuipokea. Getini mlinzi mpya anatuuliza, michezo au hoteli?

"Tumekuja kuzuru," anajibu Bi Mboni, na anapita bila bangili.

Maji nachota mimi. Sasa hivi sicheki, ingawa yeye ananiambia nicheke kidogo.

Mnaosoma hii, somo langu ni dogo. Ukiwa mwenyeji wa mahali, usikubali kuwa wa kwanza kusema hapakuwa na mtu.