Jina Ambalo Dadangu Alilipata Kando ya Kisima cha Tabora

Wakuu wa Form Three, daftari la kuzunguka limetua kwangu.

Wale wa back bench mnaochora pembeni mwa kurasa, pumzikeni kidogo. Mnajua mdomo wangu, lakini hii sijaitia chumvi. Anayebisha avuke atoke hapa Kawangware aje kwetu mtaa wa Lindi, sio ile ya Tanzania, amwone mtoto mwenyewe.

Fathe wangu ni mtu wa visima. Zamani alikuwa ameajiriwa. Siku hizi anajiita consultant, yaani fundi yule yule, ila sasa ana tai.

August holiday mwaka jana akaitwa Tanzania, huko ndani karibu na Tabora. Misheni moja ilikuwa na kisima chenye maji safi, na watu hawachoti. Walitaka awaambie shida iko wapi.

Akaamua twende wote. "Kazi na likizo, safari moja," akasema, kifua mbele.

Mathe alikuwa amejifungua dadangu juzi juzi tu.

Sasa hapa wale wasio Wajaluo wanisikize. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, nyanya anamwitia majina ya waliokufa, mmoja mmoja. Akimfikia yule anayetaka kurudi, mtoto ananyamaza, ananyonya. Hilo ndilo jina lake.

Lakini nyanya alikuwa bado ocha, kule kijijini. Fathe akasema jina litangoja. Tukavuka border na mtoto hana jina.

Tulipewa nyumba ya wageni pale pale karibu na kisima. Mpishi alikuwa mama mzee, mpole. Nilimwambia, "Sasa, mathe." Akasimama akanitazama hadi nikakumbuka kuna kitu kinaitwa shikamoo.

Fathe akaonja maji, akapima kina, akagonga kuta. Hakuona kasoro. Lakini watu na ndoo zao walikuwa wanakipitia mbali, kama kuna mbwa amefungwa pale. Ukiwauliza, "Tumezoea mtoni." Basi.

Kisha mtoto akaanza kulia.

Haikuwa njaa, maana titi alilisukuma. Mtu wa dispensari akampima, hakuona homa. Alilia usiku kucha, na kufika mchana sauti ilikuwa imekwisha. Mdomo unafunguka, kinachotoka ni mkwaruzo tu, midomo imekauka kama ya mzee. Mimi hata mzaha ulinitoka.

Mathe akajaribu kazi ya nyanya. Akaita wafu wa kwao, akaita wa kwa fathe. Wakaisha.

"Baba Odhis, nani mwingine kwenu amekufa?"

Fathe alikuwa mezani anachora kile kisima chake. Hata kichwa hakuinua.

"Mnatafuta jina? Pale kwa saruji ya kisima kuna moja mtu alikwaruza. Mwiteni Nyamizi."

Mtoto akanyamaza.

Sio polepole. Kama redio imezimwa. Akageuza kichwa, akatafuta titi, akaanza kunyonya.

Fathe akaweka penseli chini. "Ebu mwite mwingine."

"Nimwite nani?" mathe akasema. "Huyu ameshakuja."

Mpishi alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Hakutuuliza jina tumelitoa wapi. Aliweka uji chini, akanawa mikono, akaifuta vizuri kwa kanga.

"Nipeni nimwone binti yangu."

Wakuu, Nyamizi alikuwa mwanawe. Alitumbukia mle akafa, saruji ya ukingo ikiwa bado mbichi, na babake akaandika jina pale pale. Kumbe hiyo ndiyo shida ya kisima, na kijiji kizima kilikuwa kinamwonea haya mpishi kuisema.

Dadangu akamcheka yule mama. Mtoto ambaye hata umri wa kucheka hajafika.

Kesho yake tuliondoka. Fathe aliwaandikia misheni maji ni safi, wachimbe kisima kingine.

Mpishi alitusindikiza hadi stendi. Akamwambia mathe, "Wangu nilimlea mwenyewe hadi akajua kutembea. Na wewe mlee hivyo hivyo, mwanangu. Akishatembea, mniletee."

Mathe akajibu, "Ndiyo, mama." Kwa nini alijibu hivyo, hajui hadi leo.

Nyanya ameshakuja Lindi. Ameita ukoo mzima, mtoto anamtazama tu. Ukisema Nyamizi, anageuka. Nyanya anasema jina lililokubaliwa halibanduliwi, na mathe alikubali kwa mdomo wake. Fathe anasema huo ni upuzi wa ocha, lakini majuzi wamemwita tena kutoka Tanzania na akasema ni mgonjwa. Mathe naye hamweki mtoto chini. Anapika naye mgongoni, anafua naye mgongoni.

Somo langu ni moja. Mzee wako akija na maneno ya kazi na likizo safari moja, mwambie mtoto apewe jina kwanza, tena nyumbani, na mtu anayewajua wafu wenu.

Kama kuna mtu hapa kwao wanajua jinsi jina linarudishwa kwa mwenyewe, aandike chini ya hapa. Hata kama una kisa kinachofanana, andika. Lakini msikae na daftari wiki nzima.

Jana mathe alimfungua mgongoni amwogeshe. Mtoto akashika stuli, akasimama.