Moto aliuwasha mama mkwe, lawama nimebeba mimi

Habari zenu jamani. Admin, jina langu usilitoe, mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Pasiansi na mume wangu, mtoto wetu wa miaka miwili na mama mkwe. Mume ni dereva wa lori, nyumbani ni mtu wa kupita tu.

Mwezi huu nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa amebandika mafuta kwenye jiko la gesi, akaenda kukaa zake sebuleni, kasahau kabisa. Pazia la jikoni lilishashika. Nikafunga gesi, nikachukua mtungi wa kuzimia moto ambao mume wangu anauweka mlangoni, nikapuliza mpaka ukaisha. Moto ulizima, ila ile poda ya mtungi iliingia kila mahali, hadi vyumbani kitandani. Kwa haraka zangu nikamwaga maji nideki, ikawa uji wa kunata kwenye vigae. Jirani ndiye aliyeniambia ningeifagia kwanza ikiwa kavu, halafu ndiyo nifute na kitambaa chenye unyevu. Unga, sukari, chochote kilichokuwa wazi nilitupa. Mpaka leo nikifungua kabati naikuta hiyo poda.

Nikiwa nasugua, mama akanishika mikono analia. "Mwanangu, usimwambie mume wako ni mimi. Kichwa changu siku hizi hakiko sawa. Atanirudisha kijijini Usagara nikakae peke yangu."

Nilimwonea huruma. Mama huyu aliniuguza nilipojifungua kama mwanae wa kumzaa. Nikamuahidi.

Mume aliporudi akakuta ukuta mweusi na poda kwenye matundu ya tivii. Nikasema ni mimi, nilikuwa kwenye simu. Alinisema mpaka majirani wakatoka nje. "Ungeniulia mama na mtoto kwa ajili ya simu? Jumamosi nakupeleka kwenu wakakufunde upya. Mtoto anabaki na bibi yake, ndiye mwenye akili humu ndani."

Mtoto wa miaka miwili abaki na bibi na jiko la gesi, na baba yake yuko safarini!

Jana nikamfuata mama, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, twende wote tukamwambie ukweli. Nitakuombea usirudishwe kijijini."

Akaniangalia kwa huruma. "Ukweli gani, mwanangu? Si wewe uliyeunguza jikoni?"

Hakuwa ananidanganya. Namjua, kasahau kweli. Nikimweleza mume wangu sasa hivi ataona namsingizia mama yake ili nisiondoke, na yeye mama atakana kwa moyo mweupe kabisa. Nikinyamaza, nimemwacha mwanangu kwenye hatari ninayoijua mimi peke yangu.

Leo ni Alhamisi na begi langu mume ameshalitoa juu ya kabati. Wenzangu, matusi wekeni pembeni, nisaidieni mawazo. Namwachaje mtoto humu ndani?