Sisimizi Wekundu wa Ukata

Kahawa ilikuwa imeiva na hakuna aliyetaka kuichuma. Hilo ndilo lililomnyima Kunigunda hamu hata ya chai. Matawi yaliinama kwa matunda mekundu, lakini kila tawi lilikuwa na wenyewe: sisimizi wadogo, wekundu, ambao ukigusa jani moja tu wanakupanda hadi kwapani na kukuchoma kama upupu. Watu wa Ukata waliwaita Ruksa, kwa kuwa walifika zama zile kila kitu kilipokuwa ruksa, na wao wakaingia bila kupiga hodi.

Haya yalikuwa mavuno yake ya kwanza tangu mumewe Placidi afariki, na ukoo ulikuwa ukimtazama. Kahawa ikidondoka chini wangesema shamba limemshinda mwanamke, kisha lingepewa kijana fulani wa ukoo ambaye hata mche wa kahawa hajawahi kuupalilia. Alijua nani angekuwa wa kwanza kusema. Ni Tarsisi, mdogo wa marehemu, aliyekaa kwenye matanga ya kaka yake, akamung'unya wali wa watu, akatamka kwamba kahawa inataka mwanamume.

Dawa hakuna. Ushirika uliokuwa ukiwakopesha dawa ulikuwa umelala chali, na wanunuzi binafsi walikuja na mizani tu. Kunigunda alimfuata bwana shamba kwa miguu mpaka ofisini. Pikipiki ya kumfikisha shambani haina mafuta, akaambiwa.

"Mama, hao sisimizi wana mifugo," bwana shamba akasema. "Wale wadudu weupe wanaofyonza matawi, ndio wanaowakamua utamu. Wanawalinda kama wewe unavyolinda mbuzi wako. Usihangaike na sisimizi mmoja mmoja, tafuta kiota."

"Kiota kiko wapi?"

"Ndiyo ukitafute, mama."

Alirudi akakuta kila mtu ni mganga. Jirani yake Wendelin alimwaga mafuta ya taa kwenye shina, na mti ukakauka huku sisimizi wakihamia wa pili. Jirani mwingine, Gertrude, alizungusha majivu, wakahamia chooni kwake. Nyuki walikuwa wamehama mizinga. Vifaranga waliumwa macho mpaka wakapofuka, na hata nyenje hawakulia tena migombani. Akapika pombe akaita ngokela, ile kazi ya kusaidiana ambapo mwenye shamba huwapikia wanaokuja. Walikuja wengi. Waligusa miti miwili mitatu, wakaruka wakijipiga mapaja, wakakimbilia kwenye kivuli. Pombe, hiyo hawakuikimbia.

Hapo kwenye pombe ndipo maneno yalipoanza. Mbona ng'ambo ya kijito, kwa Tarsisi, hakuna sisimizi hata mmoja? Wametoka wapi wakaingia nyumba zote wakaacha ya kwake? Kunigunda, Mungu amsamehe, alisikia raha moyoni. Akaongeza na lake.

Ilikubaliwa wakutane kwa mzee Pankras, mwenyekiti wa kitongoji, Tarsisi ajieleze.

Asubuhi ya siku hiyo Kunigunda alichemsha maji, akafuata msururu wa sisimizi kutoka kwenye kahawa yake, akiwatukana njia nzima. Ulimpeleka mpaka kwenye shina la mgomba. Alichimba kwa jembe, na udongo wote ukageuka mwekundu ukitembea. Akawamwagia maji ya moto. Mgomba ule ulitoka huko chini, ziwani. Mwaka uliopita mkwewe Cuthbert, baba mkwe wa binti yake Recho, alipanda kuja kumtembelea na gunia la machipukizi ya migomba, yenye udongo wake mizizini ili yasife njiani. Zawadi ya mkwe haikataliwi. Wala hailiwi na mtu peke yake, kwa hiyo Kunigunda aligawa nyumba kwa nyumba, watu wasije wakamwita mchoyo.

Akapita kwa Gertrude, akachimba. Wapo. Kwa Wendelin, wapo. Akafika kwenye kijito, akasimama akitazama shamba la shemeji yake. Nyumba zote aligawa, isipokuwa hiyo. Siku ile ya kugawa alipita mlangoni pa Tarsisi na kikapu cha machipukizi kichwani, akamsalimu kwa sauti ili aone vizuri anachonyimwa, akaenda zake.

Angeweza kunyamaza. Watu tayari walikuwa na mchawi wao. Lakini wakimkamata mchawi nani atachimba viota? Na kahawa inaendelea kudondoka.

"Shikamoo, mzee Pankras. Shikamooni wote," alisema mkutanoni, akisimama kabla hajaitwa. "Sisimizi nimewaleta mimi. Wamo kwenye migomba niliyowagawia. Shemeji hana kwa sababu nilimnyima."

Watu wakaangalia chini.

"Nilidhani uliisahau nyumba yangu," Tarsisi akasema.

"Sikuisahau. Nilikunyima."

"Kwa neno la matangani?"

"Kwa neno hilo hilo."

Kesho yake waling'oa migomba yote ya ziwani na kumwaga maji ya moto kwenye mashimo, nyumba zote siku moja, wakilalamika kuhusu ndizi walizokuwa wanakaribia kuzila. Kunigunda alikuwa bado anachochea moto alipomwona Tarsisi akivuka kijito na mkewe na vikapu viwili. Alikuja na kopo la grisi chafu ya mashine ya kusaga. Akapaka kila shina la kahawa ili waliobaki juu wakose njia, kisha akajitosa kwenye matawi bila salamu. Waliobaki walimuuma vilivyo. Aliguna, hakutoka.

Kunigunda alisogea kumshukuru, akachungulia kikapu. Mbivu, mbichi, majani, vijiti, vyote humo humo.

"Shemeji! Mbivu tu! Nani alikufundisha kuchuma kahawa?"

"Kaka alikuwa anachuma, mimi nabeba," alisema Tarsisi, macho yakiwa yamevimba, na haikujulikana kama ni kwa sisimizi. "Sijawahi kuchuma, shemeji. Nionyeshe."

Kwa hiyo inayotaka mwanamume ni kahawa ipi? Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Akashika tawi, akakunja vidole taratibu ili aone vizuri, akaanza kumfundisha.