Nilivyofika Manyoni Bila Kutoka Dodoma

Naandika haya nikiwa bado namkwepa mama mkwe. Juzi nilikuwa nipande treni ya Tabora niende kwake, mara ya kwanza tangu niolewe. Pale stesheni ya Dodoma nikanunua zabibu, nikaingia behewa la kwanza nililolikuta wazi.

Ndani kulikuwa na vitanda, mapazia, na mwanamke aliyekuwa akishona suruali inayometameta. "Karibu dada, tulikuwa tunakusubiri," akasema. Nikajiambia, kumbe huduma za reli zimeboreshwa. Mwanamume akapita kwenye korido akitembea kwa mikono, akaniamkia shikamoo. Nikaiitikia miguu yake marahaba, maana ndiyo iliyokuwa usawa wa uso wangu.

Behewa likaanza kutikisika. Nikavua viatu, nikalala. Nilipoamka lilikuwa bado linatikisika, basi nikampigia mama mkwe. "Shikamoo mama. Tunaikaribia Manyoni." Akauliza huko nje kunaonekanaje. Mimi na ujuaji wangu nikafungua pazia nimsimulie.

Nje alikuwa amesimama muuza zabibu wangu. "Mama, mbona treni ya Tabora imeshakuacha?"

Nikamgeukia yule mwanamke. "Na huku kutikisika?"

"Wenzangu wanafanya mazoezi juu ya paa. Sisi ni watu wa sarakasi, dada, tunaishi humu, na hatuondoki mpaka Jumapili. Kwani wewe si mpishi mpya?"

Simu ilikuwa bado sikioni. Mama mkwe akasema taratibu, "Jogoo nimeshamchinja."