Saa Mbili za Asteria

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Kilosa ukungu wa Mto Mkondoa ukiwa bado umelala juu ya mabati ya nyumba. Nilikuwa afisa kazi mpya. Kazi yetu ilikuwa kukagua mashamba, viwanda na mikahawa, kuona kama mwajiri na mwajiriwa wanaishi ndani ya sheria. Afisa mfawidhi, mkuu wa ofisi yetu ndogo, alinipa agizo moja tu.

"Binti, ukifika mahali salimia, kisha kaa. Usitoe karatasi kabla hujaona watu wanavyofanya kazi."

Nilikaa sana. Nilikaa Kimamba, kwenye nyuzi za mkonge zilizoanikwa nyeupe mpaka nikajiona natembea mawinguni. Nilikaa Ruhembe, majivu ya miwa yakidondoka taratibu juu ya daftari langu. Siku zile sasa hunijia zimechanganyika, kama nilizoziota. Lakini asubuhi moja ya Mikumi imebaki wazi.

Asteria, mpishi wa mgahawa wa barabarani, alikuwa amekuja ofisini na mtoto mgongoni. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi aliomba saa mbili kwa siku za kunyonyesha, haki ambayo sheria inampa mama. Mwenye mgahawa akamwambia asirudi tena.

Nilikwenda na fomu ya amri ya utekelezaji, yaani karatasi inayomlazimisha mwajiri kutimiza sheria. Mwenye mgahawa, Mama Neema, alikuwa mjane wa rika la mama yangu. Alianza na jiko moja la mkaa, na sasa alikuwa ameajiri watu sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Basi likisimama hapa, abiria wana dakika ishirini. Mpishi akiwa ananyonyesha, nani atapakua? Nikifunga, hao wengine utawaajiri wewe?"

Nikaketi. Mabasi yakaja kwa mkupuo, vyombo vikagongana, mvuke wa wali ukajaa. Kisha yakaondoka yote, na barabara ikanyamaza kabisa. Katika ukimya ule nikamkumbuka mwanangu wa kwanza, niliyemwacha kwa mama yangu akiwa mchanga. Nilikuwa nikisimama mbele ya waajiri, blauzi imelowa maziwa, nikiwafundisha wengine haki ambayo mwenyewe sikuthubutu kuiomba. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Mama, Asteria lazima arudi," nikasema. "Hilo siwezi kulipunguza. Lakini sheria haijasema saa hizo zichukuliwe wakati gani wa siku. Hebu tazama jikoni sasa hivi."

Akatazama. Wasaidizi wake wawili wa jikoni walikuwa wamesinzia kwenye benchi.

"Na nikikataa?"

"Nitaandika amri, na sitafurahi."

Akawatazama tena wale wasaidizi. "Haya, mwite."

Tukakubaliana Asteria anyonyeshe mabasi yakishaondoka, na bibi wa mtoto awe anamleta chumba cha nyuma.

Haikuwa rahisi. Siku moja mabasi mawili yalifika kabla ya muda wake, Asteria akiwa ananyonyesha, na moja likaondoka na abiria wenye njaa. Dereva wake hakusimama pale tena kwa miezi. Mama Neema akanipigia simu. "Umeridhika?" akasema, akakata. Wiki nzima nilijiuliza kama nimewapotezea watu sita kazi yao. Baadaye Mama Neema alimpa Asteria msichana wa kumfundisha mapishi, ili mgahawa usimtegemee mtu mmoja. Polepole madereva wakarudi, na mgahawa ukaongezwa baraza.

Sasa nimestaafu. Maafisa vijana huniuliza nilikuwa upande wa nani. Huwaambia kwamba mara nyingi nilirudi nyumbani sijui.

Mwaka jana nilipita Mikumi. Mama Neema, nywele zote nyeupe, alinishika mkono.

"Ulinitesa, mwanangu."

"Najua, mama."

Akanipakulia wali mwenyewe, akaketi mbele yangu. Nje basi likapiga honi, abiria wakaanza kumiminika ndani. Mama Neema hakuinuka.